Baba, Hamisi Hakuwa Mtoro

Kilwa Kivinje
Jumapili asubuhi

Baba,

Shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu ulinilea hivyo, na hata mwenye hasira hamrukii mzazi wake bila salamu. Nina hasira, Baba. Nimekaa nayo tangu ulipokuwa umelala kitandani, nikaingia nayo msibani kwako, watu wakinishika mabega wakidhani nalia kufiwa peke yake. Nililia kufiwa, hilo ni kweli. Nililia na jambo jingine, na ndilo lililonikalisha chini leo.

Naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha Bibi. Wewe ulizoea zile za daftari la jeshi, na ulikuwa ukisema hizi za kwetu zinatambaa kama siafu. Utanivumilia. Kuna neno nimelisema juu yako, ofisini Lindi, mkono wangu ukiwa juu ya msahafu, na mji mzima umekwisha kulisikia. Sitaki wewe uwe wa mwisho kuambiwa.

Mengi nitakayoyaeleza unayajua. Lakini yalipotokea yalisemwa kwa mpangilio wako. Leo nayasema kwa mpangilio wangu.

Watu wa Kivinje walikuita Sajini mpaka siku ya kukuzika. Ulifundisha makuruti miaka mingi, na ulipostaafu ukarudi nyumbani huna kuruti hata mmoja, ukatugeukia sisi. Baada ya alasiri ulikaa barazani, mimi na kaka yangu Hamisi tukimenya muhogo, nawe ukitusomesha sheria za jeshi kama watu wanaokwenda kwenye gwaride kesho yake. Amri halali hutiiwa kwanza, malalamiko hufuata. Malalamiko hupanda ngazi, kwa koplo, kwa sajini, kwa ofisa, hayaruki. Askari haadhibiwi kabla hajasomewa shtaka lake na kuulizwa ana neno gani. Kosa moja halina adhabu mbili. Mshtakiwa ana haki ya kuita shahidi, hata kama shahidi huyo ni mpishi wa kambi.

Hamisi alikuwa mzito wa kukariri. Mimi ndiye niliyeshika. Ukaniita Koplo Siwema, na ulikuwa ukinitaka nisimame nieleze tofauti ya mtoro na mkawiaji mbele ya wageni wako, nami nikisema bila kukwama: mkawiaji ni askari aliyepitisha siku yake ya likizo lakini nia yake ni kurudi, na mtoro ni yule aliyeondoka asirudi, au aliyekwepa kazi ya hatari akijua inakuja. Mkawiaji hupata adhabu ya kambini. Mtoro hupelekwa korti ya jeshi. Mara ya kwanza niliyachanganya maneno hayo mawili, ukanirudisha mara tatu mpaka yakakaa. Ulisema neno moja likiandikwa vibaya linaweza kumla mtu maisha yake.

Tena ulikuwa mcheshi siku hizo. Siku moja chakula kilichelewa, ukamsomea Mama shtaka la kuchelewesha posho ya kikosi. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akasema anaita shahidi, na shahidi wake ni kuni mbichi ulizoleta mwenyewe. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ukamwachia huru. Nakutajia haya usije ukadhani anayekuandikia ni mtu aliyekuchukia tangu zamani.

Vita vya pili vilipokuja, Hamisi akajiandikisha. Hukumlazimisha, lakini kijana aliyekaa miaka kumi barazani kwako angefanya nini kingine? Ulimsindikiza kwa miguu hadi Nangurukuru, njia panda ya malori, ukarudi jioni umevimba miguu na huku unatabasamu. Kambi yao ikawa Lindi.

Mwaka wake wa pili jeshini Mama akashikwa na tumbo. Likavimba, na daktari wa hospitali akakwambia wewe pembeni maneno ambayo hukutuambia. Ukampelekea Hamisi simu ya maandishi. Akapewa likizo ya siku saba, na pasi yenye muhuri. Alishuka kwenye lori Nangurukuru wakati wa mvua kubwa, akakosa gari la kumleta mjini, akaingia kwa miguu na matope hadi magotini. Mama alimtambua. Alimshika sikio kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, akamuuliza kama jeshini wanamlisha.

Mama alifariki Jumatatu alasiri. Likizo ya Hamisi ilikuwa inakwisha Jumanne. Jumanne asubuhi mkamzika, na Hamisi ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Mchana ule, waliokuja kuzika wamekwisha kula, Hamisi alikufuata barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia mkononi. Alisimama wima mbele yako, mikono ubavuni, akasema maneno ambayo nimeyahifadhi kama Fatiha: "Baba, leo nimepitisha siku yangu. Nataka nikae hitma ya Mama, Ijumaa. Baada ya swala nakwenda Nangurukuru kupanda lori, Jumamosi nipo kambini. Watanishtaki kwa kukawia, nami nitaikubali adhabu."

Hukujibu. Uliendelea kuvuta tasbihi. Sote wawili tukakichukua kimya chako kuwa ni idhini.

Sare yake ilikuwa kwenye kamba uani, kila mpita njia aliiona. Buti zake zilikuwa mlangoni. Pasi yake aliiweka ndani ya msahafu wa Mama. Hivyo ndivyo anavyojificha mtu?

Alhamisi asubuhi ukatoka chumbani umevaa sare yako ya zamani, nishani kifuani. Hamisi alikuwa uani anapasua kuni za hitma. Ukamwambia aweke shoka chini, avae. Akauliza kuna nini. Ukasema: "Nyumba hii haifichi mtoro."

Nilipolisikia neno lile nilidhani umeteleza ulimi. Nilikungoja ulirekebishe. Wewe, mwenye maneno yale mawili.

Ukamtembeza kwa mwendo wa gwaride kutoka mtaani kwetu mpaka bomani, ukipitia sokoni ingawa kulikuwa na njia ya nyuma. Wenye maduka walitoka nje. Wanawake waliokuwa wamekesha kwetu msibani walisimama na vikapu vyao wakatazama. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, ulikuwa ukihesabu kwa sauti, na Hamisi alikuwa akifuata hatua zako barabara, maana wewe ndiye uliyemfundisha. Nilikuja nyuma na mkoba wake. Ilikuwa imebaki siku moja tu tumsomee mama yetu hitma.

Bwana Shauri wa wakati ule, Mwingereza mkuu wa wilaya, hakuwa mkali wala hakuwa na haraka. Ukapiga saluti pale verandani ukamwambia umemletea mtoro. Karani akaliandika. Hamisi akaomba kusema, akaruhusiwa, akaeleza habari ya maziko na hitma na lori la Ijumaa. Bwana Shauri akakugeukia wewe akauliza kupitia kwa karani: huyu kijana alikuambia kwamba atarudi?

Baba, pale ndipo ulipoulizwa. Sheria uliyoipenda kuliko chakula ilikuwa imekufungulia mlango, imekushikia. Ilitaka neno moja, "ndiyo", na neno hilo lilikuwa kweli. Usingemficha mtu, usingesema uongo, usingempunguzia Mfalme chochote. Hamisi angepelekwa kambini, angepewa adhabu ya mkawiaji, yangekwisha.

Ukasema: "Askari haulizwi atarudi lini. Askari yupo au hayupo. Huyu hayupo."

Karani akaliandika na hilo.

Nikafungua mdomo. Nilisema, "Bwana, mimi nilisikia," na karani akaniambia nikae pembeni, haya si mambo ya wanawake. Ukageuka ukanitazama. Sikuwa mtoto, nilikuwa na miaka kumi na tisa, lakini ulinitazama nikanyamaza. Kwa hilo sina wa kumlaumu. Hasira ya hilo naila mwenyewe.

Ambalo sote hatukulijua, wewe na mimi na Hamisi, ni kwamba siku moja kabla, Jumatano, sisi tukiwa matangani, amri ilishuka ghafla Lindi na kikosi chake kikapandishwa melini kwenda Bama kupigana na Mjapani. Kwa hiyo alipofikishwa kambini na polisi, mkononi mwa polisi kuna karatasi inayosema mtoro, na aliyesema mtoro ni baba yake mzazi, sajini mwenye nishani. Maofisa wangeona nini? Waliona mtu aliyeikimbia meli. Hamisi alipoambiwa aseme ana shahidi gani, akakutaja wewe na akanitaja mimi. Wakamjibu kwamba ya baba yake wanayo tayari kwa maandishi, yanatosha. Wakayasoma mbele yake. Askari yupo au hayupo.

Walimchapa viboko. Adhabu ile ilikuwa ya askari mweusi tu, na hilo ni somo ambalo hukutufundisha pale barazani. Kisha wakamfunga, kazi ngumu, mpaka vita vikaisha. Uliwahi kutuambia kosa moja halina adhabu mbili. Nimekuwa nikiuliza viboko ni adhabu ya ngapi, kifungo ni ya ngapi, na ile karatasi aliyopewa mlangoni anatoka ni ya ngapi. Maana karatasi ile ilisema ametoroka, na mtu akienda kuomba kazi ya ulinzi, ya tarishi, hata ya kufagia ofisi, huulizwa kwanza: ulikuwa jeshini? Lete karatasi.

Hakurudi nyumbani. Hukumtaja. Tulikaa katika nyumba moja, mimi na wewe, nikaolewa nikatoka, nikaachika nikarudi, na jina la Hamisi halikutamkwa mezani kwako. Nami miaka yote hiyo nilikuwa nakutafutia udhuru. Nilijiambia, Baba alikuwa amefiwa na mkewe siku tatu tu nyuma, akili haikuwa yake. Nilijiambia, uzee umeanza, amesahau. Kila nikikuwekea uji nilikuwekea na udhuru wako pembeni. Nilikupenda kwa namna hiyo.

Kisha ukaugua.

Huenda huzikumbuki wiki zako za mwisho. Ulikuwa umerudi kambini. Asubuhi, jua likishaingia dirishani, uliamka ukaita majina ya watu nisiowajua, ukawapanga mstari ukutani, ukaanza somo. Mimi uliniita kuruti. Nilikaa kwenye kigoda na bakuli la uji nikakuacha ufundishe, maana ulipofundisha hukusikia maumivu. Uliyapitia yote, amri halali, ngazi za malalamiko, haki ya kusomewa shtaka. Hukuruka hata moja. Nikajikuta natabasamu, nikajiona tena mdogo na kisu cha muhogo.

Siku moja ukaninyoshea kidole. Ukasema: "Kuruti. Askari amepitisha siku yake nyumbani kwao. Sare anayo. Hakujificha. Amesema mbele ya watu siku atakayorudi. Ni mtoro huyo?"

Nikaliweka bakuli chini. Nikajibu, "Si mtoro, afande. Ni mkawiaji."

Ukasema, "Sawa. Kaa chini."

Ukalala.

Basi hukusahau, Baba. Hakuna siku uliyosahau. Hata akili ilipokwisha kukutoka, hata jina langu lilipokutoka, tofauti ile ilikuwa bado imekaa mahali pake kama bunduki ghalani. Udhuru wangu wote wa miaka ile ukafa asubuhi moja, na wewe ukaishi siku kumi na moja zaidi, na katika siku hizo nilikulisha, nikakugeuza, nikakusafisha, nikakuombea, na sikuweza kukusamehe. Nilikuwa na swali moja tu: kwa nini? Lakini ningemuuliza nani? Aliyekuwa kitandani alikuwa na makuruti wake.

Nimefikiri sana. Nadhani uliogopa. Nadhani uliwaza kwamba Sajini akimtetea mwanawe watasema kwamba sheria zake ni za watoto wa watu wengine. Ukaona afadhali apotee mwana kuliko watu wa Kivinje waseme hivyo. Kama nimekosea, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hiyo si sheria. Hiyo ni fahari yako uliyoivika sare ya sheria.

Ulipofariki nilimpelekea Hamisi habari kwa dereva wa lori. Hakuja. Wenzako wa zamani walikuja na bendera, wakakupigia saluti, na Mzee Athumani, rafiki yako mliyepigana pamoja vita vya Mjerumani, akasema maneno mazuri juu ya mtu aliyeitii sheria hata ilipomuuma. Watu wakaitikia. Nilikuwa ndani na wanawake. Nilikwenda jikoni nikasimama nikiutazama moto.

Baada ya arobaini yako nilikwenda Lindi. Hamisi amepanga chumba Rasbura, anasokota kamba za mkonge na kuzipeleka bandarini. Nywele zake zimeingia mvi kabla ya wakati. Hana mke. Aliposa mara moja, wakwe wakauliza habari zake, wakarudisha posa kwa maneno kwamba hawampi binti yao mtu aliyeikimbia bunduki. Aliniambia hayo bila kupandisha sauti. Kilichokuwa kinamuuma zaidi, alisema, ni koplo wake, mtu wa Pande, aliyekuwa akimgawia tumbaku. Koplo yule alikwenda Bama akafia huko, na alikufa akiamini kwamba Hamisi aliwakimbia.

Nikamsimulia ile asubuhi ya bakuli. Alikuwa anasokota, akaacha. Akaniuliza, "Alisema sawa?"

Nikamwambia, "Alisema sawa, kaa chini."

Akainuka akatoka nje. Nilisikia maji yanamwagwa. Aliporudi uso ulikuwa umelowa, akashika kamba yake akaendelea pale alipoachia.

Nilimwambia mimi ndiye shahidi aliyemtaja na wakakataa kumwita, na bado niko hai. Hakutaka. Alisema yamekwisha, viboko havitoki mgongoni kwa karatasi. Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu akanitolea karatasi yake mwenyewe, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, akasema nifanye nitakavyo ila yeye haingii ofisi ya serikali. Nikaenda peke yangu.

Nilipanda ngazi kama ulivyotufundisha. Nilianza kwa tarishi, nikaenda kwa karani mdogo, nikaenda kwa karani mkubwa wa mambo ya askari waliotoka vitani, na kila mmoja nikampa sababu ya kunifikisha kwa anayefuata. Sikuruka hata mmoja. Karani mkubwa alikuwa kijana wa Kimwera, mpole, wa misheni. Alilitafuta faili siku nne. Alipolipata akanisomea ulichosema bomani, na Baba, kilikuwa kile kile, neno kwa neno, kimekaa mle miaka yote na wino wake.

Akaniuliza kama niko tayari kuapa. Wakaleta msahafu. Niliapa. Nikasema maneno ya Hamisi ya Jumanne, hitma, lori, Jumamosi kambini. Nikasema mlikuwa wawili barazani na mimi mlangoni. Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, unasema marehemu baba yako alisema uongo?"

Ningeweza kusema ulikuwa umefiwa. Ningeweza kusema ulisahau. Lakini mkono wangu ulikuwa bado juu ya msahafu.

Nikasema, "Baba yangu alijua, akanyamaza. Naye ndiye aliyenifundisha kwamba shahidi hanyamazi."

Ndilo neno lenyewe. Ndilo ninalokuletea.

Nilipofika Kivinje habari ilikuwa imenitangulia. Mzee Athumani alikuja, nikampa shikamoo na kiti, akakataa kiti. Alisema maiti hasemwi kwa mabaya, maana maiti hawezi kujibu. Nikamwambia, "Hamisi alikuwa hai, Mzee wangu, na hakuachwa ajibu." Akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo wake wa wenzako wa zamani wakinikuta kisimani wananisalimu kwa kichwa tu. Shangazi, dada yako, hanijii tena. Mjukuu wake alikuwa akija kwangu kusoma herufi, amemwondoa.

Nimeyabeba. Sikuja kukulilia kwa hayo.

Majibu yalichukua miezi mingi. Barua ilikuja kwa posta, ya Kiingereza, nikaipeleka kwa mwalimu wa shule ya serikali anisomee. Imesema wameuangalia upya ushahidi, na kosa la Hamisi sasa limeandikwa kuwa ni kukawia likizo bila ruhusa. Kifungo amekwisha kukitumikia na hakina la kufanywa. Juu ya viboko haikusema kitu. Haikusema pole. Mwalimu aligeuza nyuma ya karatasi kuangalia kama kuna lingine, hakukuwa na lingine.

Nikarudi Lindi nayo. Hamisi alinitaka nimsomee, nami nilikwisha kuikariri kutoka kwa mwalimu. Akanirudisha niseme tena ile sehemu ya kukawia. Nikaisema. Akanirudisha tena. Mara ya tatu akasema basi, inatosha. Mwezi uliofuata alikwenda Pande kwa mama wa yule koplo, akamwonyesha ile karatasi. Bibi yule haoni vizuri wala hajui kusoma. Aliishika kwa mikono miwili, akamwambia amesikia.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo sasa. Chumba chako nimekipaka chokaa. Paa la jikoni nimeezeka upya, makuti mengine niliyasuka mwenyewe. Wanasema boma litahamishiwa Masoko na lile jengo litabaki tupu, nami siku hiyo nitakwenda kusimama kwenye veranda ile ambapo niliambiwa nikae pembeni, nisimame katikati.

Nakuombea, Baba. Kila Ijumaa nakusomea Yasini, wala si kwa kinyongo. Namwomba Mungu akupokee na akuulize kwa upole kuliko ulivyotuuliza sisi. Nakuahidi kaburi lako halitaota majani nikiwa hai. Nakuahidi pia kwamba nikiulizwa tena, na yeyote, mahali popote, nitajibu vile vile nilivyojibu Lindi, bila kukuongezea wala kukupunguzia.

Hamisi atakuja baada ya mfungo. Ameniandikia kwamba anakuja kusoma hitma ya Mama, ile ya Ijumaa ile. Kaburi lako na la Mama yamepishana hatua nne. Atakapomaliza kwa Mama sitamwambia asimame kwako, wala sitamwambia apite. Ni mtu mzima, ana karatasi yake safi, atajua mwenyewe.

Lala, Baba.

Mwanao,
Siwema